Ndala Kwenye Foleni ya Wateja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri foleni ya kituo cha afya ilikuwa imeshajipanga, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Jiwe, kipande cha tofali, kopo la maziwa lililokatwa mdomo, ndala, jiwe, mwiko uliovunjika mpini, ndala tena. Vilikaa sakafuni kimoja nyuma ya kingine, kutoka mlango wa chumba cha vipimo mpaka kwenye ngazi za baraza, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Wenyewe walitawanyika. Huyu amejilaza juu ya kanga nyuma ya tangi la maji, yule amerudi nyumbani kumnyonyesha mtoto, mwingine kaenda kumalizia vitumbua vyake ndipo arudi saa mbili nesi akifungua.

Mwishehe, mlinzi wa kituo, aliipitia foleni ile na tochi yake mkononi, akihesabu kimoyomoyo. Hakuna aliyemtuma. Mkataba wake na kampuni ya ulinzi ulimtaka alinde geti, stoo ya dawa na paneli za sola juu ya paa. Mawe hayakuandikwa humo. Lakini watu walitembea kutoka mashambani na giza, wakafika wakamwambia, "Mzee Mwishehe, jiwe langu hilo, nakuachia," naye hujibu, "Liache." Tangu awe mlinzi pale hakuna jiwe lililorukwa mbele ya macho yake.

Alikuwa mlinzi kwa miaka minne, na hiyo minne ndiyo aliyokaa mgane. Mkewe Mwanahalima alikufia kwenye baraza hili hili, kopo lake likiwa la sita kwenye foleni. Ilikuwa mimba ya miezi minane, mimba ya mwisho ambayo hawakuitegemea. Miguu ilivimba, kichwa kilimuuma siku tatu, akawa anasema anaona nyotanyota mchana kweupe. Akaambiwa asubiri zamu. Nesi mmoja alikuwa semina, wa pili likizo, wa tatu yuko peke yake na watu themanini. Degedege ya mimba ilimwangusha kabla kopo halijafika mlangoni. Baadaye wakubwa walikuja, wakaunda kamati, kamati ikala chakula cha mchana, ikaondoka. Ripoti Mwishehe hakuiona mpaka leo. Darasa la nne kama yeye, nani angempa asome?

Ndiyo maana akaomba kazi ya ulinzi pale pale. Watu walidhani wazimu wa msiba. Yeye alitaka kukaa karibu na foleni.

Leo palikuwa na wageni kutoka Kibaha. Chuo anachosoma binti yake Raudha kilikuwa kinaleta wanafunzi wa mwaka wa nne wa digrii ya uuguzi, waje wafanyiwe mtihani wa vitendo. Siyo mtihani wa kuchoma sindano wala kuzalisha, huo walishaumaliza. Huu ulikuwa wa somo linaloitwa Uongozi na Biashara katika Uuguzi. Kundi la Raudha lilipangiwa kituo hiki, na Raudha mwenyewe ndiye kiongozi wa kundi. Akifaulu leo, Novemba anavaa joho. Mwishehe alishaliona joho lile usingizini mara nyingi, na kila alipoliona, Mwanahalima alikuwa pembeni akilivuta kola kulinyoosha.

Raudha alitangulia jana, akalala nyumbani. Akiwa anapepeta mchele alimwambia, "Baba, kesho nakuomba kitu kimoja tu. Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Chochote."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka jana kwenye mkutano wa kata Mwishehe alisimama mbele ya diwani akauliza kamati ile ilikula wali wa nini hata ikasahau kuandika, na kampuni ikampa barua ya onyo. Jana hiyo akamuuliza binti yake, kwa upole wa mtu anayejizuia, nesi na biashara wapi na wapi. Raudha akamweleza. Ajira hazitoki. Dada zake wa chuo waliomaliza kabla yake huu mwaka wa tatu wako nyumbani wanasuka watu nywele. Mwalimu wao anawaambia wasikae kungoja serikali, wajue kufungua kliniki zao, na hata wakiajiriwa wajue kuongoza wodi, siyo kukimbizwa na dripu mkononi kama vibarua.

Mwishehe akayatafuna maneno yale. Mengine yalikuwa na akili. Lakini ulimi wake haukumsubiri.

"Kwa hiyo wameshindwa kuwaajiri, wakaona bora wawafundishe kuuza."

"Unaona?" Raudha alisema. "Ndiyo maana nakwambia usiseme."

Akaahidi. Alimwahidi kwa jina la Mwanahalima.

Kulipoanza kupambazuka, Faudhia aliingia getini, mke wa Jabiri, yule kijana aliyepata kibarua kwenye bandari kavu ya Kwala na anayerudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alitembea kama mtu anayekanyaga miiba, ndala zote mbili kazishika mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona peku?"

"Mguu umekataa ndala." Alicheka kidogo. "Naiacha moja hapa, nyingine nitaikalia."

Mwishehe akamulika chini. Miguu ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani, vifundo havionekani. Akamuuliza habari ya kichwa. Kinagonga kidogo, Faudhia akasema, uchovu tu wa njia. Akaweka ndala yake, ya bluu, kamba yake imefungwa kwa waya wa shaba, kisha akajikokota kwenda nyuma ya tangi kujinyoosha.

Mwishehe akahesabu. Ndala ilikuwa ya tisa. Wa tisa si mbali, alijiambia. Saa mbili na nusu atakuwa keshapimwa presha. Alijiambia mara mbili, na mara ya pili hakujiamini.

Kosta ya chuo iliingia saa moja na nusu. Walishuka wanafunzi kumi na wawili wameng'aa kama vikombe vya kabatini, na mwalimu wao Madam Elinipa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, ubao wa kushikia fomu kaukumbatia kifuani. Raudha aliungana nao. Kifuani alikuwa na kitambulisho kipya. Mwishehe alikisoma silabi kwa silabi: Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Ukutani walibandika karatasi kubwa yenye maneno matano yaliyoanza na S. La kwanza lilikuwa Sasambua, maana yake ondoa kila kisichohitajika. Sista Marselina, muuguzi mkuu wa kituo, akamtuma Mwishehe kisimani akachote maji ya kupiga deki, kwa sababu bomba lilikauka tangu Jumatatu. Akaenda na ndoo mbili. Akarudi. Akaweka ndoo chini polepole.

Baraza lilikuwa jeupe. Vijana walishayatupa mawe nyuma ya choo. Makopo, mwiko na ndala walivitia kwenye kiroba na juu yake wakabandika karatasi: Visivyohitajika. Mahali pa foleni palichorwa mstari wa njano, na mbele ya mlango kulipangwa viti vya plastiki.

Hao vijana walitoka Moshi, Iringa, wengine Dar. Wangejuaje kwamba jiwe lina mwenyewe? Lakini Raudha alizaliwa hapa. Alipokuwa na miaka kumi alitumwa mwenyewe na kopo la mama yake alfajiri, akaliweka, akarudi mbio kuwahi shule. Mwishehe alimtazama binti yake. Raudha alikuwa anatazama karatasi zake. Mzee akafungua mdomo. Bila kuinua macho, Raudha akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Akaufunga.

Vikagawiwa vikadi vya plastiki: Mteja Namba 1, Mteja Namba 2, kwa aliyesimama pale wakati ule. Waliosimama pale wakati ule ni waliokuja na bodaboda saa mbili, wameoga, wamekunywa chai. Wenye mawe walipoanza kutoka vichakani na nyuma ya tangi walikuta foleni ya watu wenyewe, siyo ya mawe. Bi Nuria, mwenye kifua cha miaka, akazunguka baraza lote akitafuta.

"Jiwe langu mmelipeleka wapi, wajukuu zangu? Mmeliandikisha chuo?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu kwamba sasa hakuna mawe, mteja anakaa kwenye kiti anasubiri namba yake.

"Mimi siyo mteja. Sijaja kununua. Nimekuja naumwa."

Akapewa namba thelathini na nane. Faudhia alifika wa mwisho, ukuta ndiyo mkongojo wake. Arobaini na moja. Alikipokea kikadi kwa mikono miwili akasema asante, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kwao. Viti vilikuwa vimejaa. Akakaa sakafuni.

Hata hivyo, hakuna aliyeitwa. Mgeni rasmi, Bwana Melkiori wa halmashauri, alitakiwa saa mbili na nusu, na ilipangwa kwamba mteja wa kwanza ahudumiwe mbele yake. Gari lake lilikuwa gereji, kwa hiyo gari la wagonjwa la kituo lilitumwa kumfuata. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Chumba cha vipimo kilikuwa wazi, mashine ya presha mezani, wauguzi na wanafunzi, jumla watu kumi na watano, wamesimama, na wagonjwa arobaini na kitu wamekaa wanatazamana nao. Mwishehe alikuwa ameona mengi maishani, lakini hakuwahi kuona njaa na chakula vikingojeana mtu wa tatu avitambulishe.

Alisogea kwa Faudhia akajifanya anaokota karatasi.

"Vipi, mama?"

"Mjomba, hivi vimulimuli vinatoka mchana?"

Mwishehe akaitupa karatasi aliyoiokota. Akaenda kwa Sista Marselina, akamnong'oneza. Marselina alimtazama Faudhia, akatazama fomu za wageni, akasema kwa uchungu wa mtu asiye na kwake kwamba leo siyo yeye anayeita. Leo kituo ni cha wanafunzi. Amwone mwalimu.

Akaenda kwa Madam Elinipa. Hapa hakuona kwamba anavunja ahadi, maana alisema kidogo sana. Kwamba yupo mmoja pale chini, apite kwanza. Madam alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Mwishehe lilimuudhi zaidi.

"Mzee wangu, nakuelewa. Mgeni yuko njiani, dakika kumi tu. Tukianza kuruka namba siku ya kwanza, mfumo unakufa siku ya kwanza." Kisha akatabasamu. "Wewe ndiye baba yake Raudha? Hongera. Yule ana uongozi kwenye damu. Asipoyumba leo, namwandikia alama ya juu kuliko wote."

Asipoyumba. Mwishehe alilirudia neno lile. Angeweza kupiga kelele. Kwa diwani alipiga. Alirudi getini akasimama na rungu lake, na hapo ndipo alipojua kwamba wakubwa hawahitaji kumfunga mtu mdomo. Wanamwonyesha joho la mwanawe, anajifunga mwenyewe.

Saa nne na robo gari la wagonjwa likaingia. Bwana Melkiori akashuka kiti cha mbele, akasalimia kwa kupunga, na gari likageuza pale pale kwenda mjini kufuata chakula cha wageni. Wanafunzi wakapiga makofi. Mteja Namba 1, mwanamume aliyekuja kuonyesha kipele cha mkono, akaingia, akatoka. Raudha akasimama mbele ya karatasi zake.

Alisema vizuri. Hata Mwishehe, kutoka getini, aliona amesema vizuri. Alisema mteja akiridhika huwaambia watu watano, asiporidhika huwaambia ishirini. Alionyesha dirisha jipya ambalo mwenye haraka akichangia kidogo hatasubiri, na mchango huo utanunua glavu kwa wote. Alisema muuguzi kiongozi haoni tatizo, anaona fursa. Halafu akafika kwenye mawe.

"Kabla ya mradi wetu," alisema, na hapa sauti yake ikakwaruza, "wateja walipanga foleni kwa kutumia takataka."

Mwishehe alisimamisha rungu ukutani. Alikwenda stoo kilikowekwa kiroba, akakifungua, akaingiza mkono mpaka begani. Akapita katikati ya viti, mbele ya mgeni rasmi, mpaka kwenye mstari wa njano. Akainama, akaiweka ndala ya bluu, ncha yake ikielekea mlangoni. Hakusema neno. Alikuwa ameahidi.

Bwana Melkiori aliuliza mzee huyu ana nini, kisha akamwamuru aondoe uchafu ule. Mwishehe hakumtazama. Alimtazama binti yake.

Raudha alikuwa ameachia sentensi nusu. Alitazama ndala, akatazama kamba iliyovutwa na waya ulioongezwa ili mguu uenee. Mkono wake wenye karatasi ulishuka.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mwishehe akaonyesha kwa kidevu.

Raudha aliruka viti. Alipiga magoti kando ya Faudhia, akabonyeza muundi kwa dole gumba, akalitoa. Shimo likabaki. Akaitisha mashine. Alipoisoma hakutaja namba kwa sauti, alimgeuzia tu Sista Marselina, na Marselina akakimbilia kabati la dawa kwa kasi ambayo Mwishehe hakujua kwamba bado anayo. Sindano ya kuzuia degedege ikachomwa pale pale sakafuni. Faudhia aliuliza kama namba yake imefika. Akaambiwa imefika.

Sasa gari. Gari la wagonjwa lilikuwa mjini linabeba pilau. Simu ya dereva haikupatikana.

"Madam, naomba Kosta," Raudha alisema.

Madam Elinipa alimtazama mgeni rasmi, akatazama fomu. Akasema Kosta ina kibali cha safari hii tu, kubeba mgonjwa lazima chuo kiruhusu kutoka Kibaha, na yeye Raudha amebakiza dakika nane za wasilisho. Sista ataandaa rufaa, gari litarudi.

"Lini?"

Sista Marselina akatazama getini.

"Madam, leo meneja ni mimi," Raudha alisema taratibu, wala haikuwa jeuri. Akamgeukia dereva aliyekuwa ameegemea mlango. "Kaka Shabani, washa."

Shabani alimtazama Madam. Madam hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitazama viatu vyake. Shabani akatupa kijiti cha meno, akapanda. Wakamwinua Faudhia wanafunzi wanne, wakamlaza kwenye siti ya nyuma kwa ubavu wa kushoto, Raudha kichwani, dripu mkononi. Vumbi likafunga njia.

Gari la wagonjwa lilirudi saa saba na masufuria. Watu wa halmashauri wakala. Mwishehe aliletewa sahani, akampa Bi Nuria.

Jioni, wanafunzi wengine wakingoja lori la kuwarudisha Kibaha, Madam Elinipa alimfuata getini. Alikuwa ameshika fomu ya Raudha. Mwishehe aliisoma kwa kidole: Hakumaliza wasilisho. Aliacha kituo bila ruhusa. Arudie somo.

"Nimeitafuta sehemu ya kuandika alichofanya leo," Madam alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Fomu haina."

"Fomu aliandika nani?"

Madam aliikunja fomu. "Sisi."

Mwishehe akamfungulia geti.

Raudha alipiga mara moja tu, magharibi. Wamefika. Faudhia alianza degedege njiani, karibu na lami. Wamemwingiza chumba cha upasuaji, yeye ameambiwa akae nje. "Baba, niliziona ndala asubuhi," alisema. "Niliziona zikitiwa kwenye kiroba." Mwishehe alitaka kumwambia kwamba na yeye aliiona miguu. Simu ya Raudha ikaisha chaji, na baada ya hapo kila alipopiga, hakupatikana.

Alfajiri ya pili Mwishehe aliingia nyuma ya choo na tochi, akakusanya mawe yote aliyoweza kuyatambua. Akafungua kiroba. Akavipanga vyote juu ya mstari wa njano, na mbele kabisa, mlangoni, akaweka ndala ya bluu.

Watu walianza kufika. Habari za Faudhia walikuwa nazo, yaani walijua kwamba hakuna habari. Kila aliyekuja aliiona ndala, akaijua, akaweka jiwe lake nyuma. Hakuna aliyeiruka.

Saa mbili Sista Marselina akafungua mlango, vikadi vya plastiki mkononi. Alisimama akatazama chini kwa muda mrefu.

"Mzee Mwishehe, mwenye hii si walimpeleka jana? Itoe basi, tuanze."

Mwishehe hakusogea.

"Mwenyewe hajaitwa," alisema.